Mdomo wa Mzee Kidevu

Nchi hii ninayoisimulia usiitafute kwenye ramani, maana wenyewe waliagiza ramani irekebishwe na mpaka leo haijarudi. Wewe jua tu kwamba ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri arobaini na wanane, na wakati fulani ilikuwa na kikaragosi mmoja aliyeitwa Mzee Kidevu, ambaye wananchi walimpenda kuliko hao arobaini na wanane wote kwa jumla.

Mzee Kidevu alikuwa na kichwa cha kitambaa kilichoshindiliwa pamba, kanzu iliyopauka, na kidevu cha kifuu cha nazi kilichogonga "ko!" kila alipofunga mdomo. Kila Alhamisi, baada ya taarifa ya habari, alikaa mezani kwenye televisheni ya taifa pamoja na kuku wake wa pamba, Shangazi, na kiongozi mmoja. Kiongozi alieleza mafanikio ya wizara yake, na Kidevu alimsikiliza kwa adabu zote za mtu mzima. Kiongozi akishamaliza, Kidevu hujikuna kofia na kusema:

"Ahsante, mheshimiwa. Lakini mimi kichwani nina pamba tu. Nieleze tena."

Basi. Hakutukana mtu, hakubishana na mtu. Kiongozi alieleza tena, na jambo ambalo mara ya kwanza lilikuwa limenyooka, mara ya pili lilianza kupinda. Mara ya tatu watu majumbani walikuwa wamekwisha kusogeza viti karibu na kioo.

Aliyekuwa ndani ya Kidevu ni Bi Siwema Kombo. Miaka kumi na tisa alikaa chini ya ile meza, magoti kifuani, mkono wa kulia umeingia kichwani mwa Kidevu na wa kushoto kwenye mkono wa kanzu. Kanuni ya kituo ilikuwa kwamba mkono usionekane na jina lisitajwe. Bi Siwema hakunung'unika, kwa kuwa alikuwa na starehe yake ambayo mawaziri hawakuijua: kutoka chini ya meza aliona miguu yao, na mguu wa mwongo hautulii.

Siku ya mwisho miguu ilikuwa ya Bwana Bakili Ndomba, aliyekuwa Naibu Waziri wa Madaraja. Alikuja kueleza daraja jipya lililokamilika kwa asilimia mia moja mahali pasipo na mto. Alipoulizwa alisema mto utakuja. Alipoombwa aeleze tena alisema mto ulikuja, ukasubiri, ukaondoka. Kidevu akajikuna kofia kwa mara ya tatu, na Bwana Ndomba, jasho likimtoka hadi kwenye soksi, akasema mto uko palepale ulipokuwa siku zote, ila palepale hakuna shamba la mjomba wake la kulipiwa fidia.

Kesho yake asubuhi Mzee Kidevu alistaafishwa kwa manufaa ya umma. Msishangae kikaragosi kustaafishwa. Afisa utumishi wa enzi hizo alikuwa ameona kwamba Kidevu anawahi kazini, haumwi, haombi likizo wala ruhusa ya msiba, akamfungulia faili akidhani ni mtumishi wa kuigwa. Bi Siwema hakufunguliwa faili. Aliandikwa kwenye faili la Kidevu, ukurasa wa vifaa alivyokabidhiwa mtumishi: "Sanduku moja. Kuku mmoja, bandia. Mkono mmoja wa kulia, pamoja na mwenyewe." Kidevu akafungiwa stoo ndani ya sanduku lake, Bi Siwema akaambiwa aende nyumbani, na Bwana Ndomba akapandishwa cheo ili asifikirie sana yaliyompata.

* * *

Ikapita miaka ishirini na miwili. Asubuhi moja Rais, akiwa anakula yai, aliuliza, "Hivi yule Kidevu yuko wapi?" Kisha akaomba chumvi. Kabla chumvi haijamfikia, ilikuwa imekwisha kuundwa Kamati ya Taifa ya Kuwafufua Vikaragosi kwa Ajili ya Kizazi Kipya. Uenyekiti akapewa Waziri wa Malezi, Mawasiliano na Mwonekano wa Taifa, naye hakuwa mwingine bali Mheshimiwa Bakili Ndomba.

Kamati ilianza kwa utafiti. Ikabainika kwamba watoto saba kati ya kumi hawawezi kumtaja kikaragosi hata mmoja wa kizalendo, na watatu waliobaki walimtaja Waziri. Hali ikatangazwa kuwa ya dharura, na wapenzi wote wa Mzee Kidevu wakaitwa ukumbini kutoa maoni.

Bi Siwema naye alikwenda. Alikuwa na miaka sitini na saba, na vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimejikunja kwa mazoea, kama kwamba vinashikilia taya la mtu. Alipewa namba mia moja na kumi na nne, akakaa nyuma karibu na mlango wa choo.

"Ndugu wadau, itifaki imezingatiwa," alianza Mheshimiwa Ndomba, halafu akaizingatia kwa dakika arobaini. Alisalimu waliokuwepo, waliotuma udhuru, na ambao wangekuwepo kama wasingekuwa wamekufa. "Kikaragosi ni kioo cha jamii! Kikaragosi ni mwalimu! Kikaragosi ni daraja kati ya..." Hapo akakohoa, akanywa maji, akaendelea na aya iliyofuata.

Mtoto hakuwepo hata mmoja ukumbini. Msidhani walisahauliwa. Kiti chao kilikuwepo mbele kabisa, na alikikalia Mwakilishi wa Watoto, bwana mwenye upara na miaka hamsini na minane, ambaye kwa muda mwingi alikuwa amelala.

Wapenzi wa Kidevu walikuwa wamegawanyika makundi mawili, na chuki iliyokuwepo baina yao huwezi kuikuta hata kwa mawifi. Wahifadhi, watu wa mvi waliovaa fulana za Kidevu zilizowabana matumboni, walitaka arudi vilevile, na matundu ya mende kwenye kanzu yatobolewe upya kila moja mahali pake. Wasasishaji walitaka apewe miwani ya jua na simu, apunguzwe tumbo, afundishwe kucheza.

"Mtoto wa leo hamsikilizi mzee asiye na simu," alisema Msasishaji mmoja. "Na hiyo pamba kichwani itolewe. Tunawafundisha watoto nini? Kwamba kutoelewa ni sifa?"

"Pamba haitoki!" walipiga kelele Wahifadhi. "Mtaanza na pamba, mtaishia kwenye kofia!"

Kofia ilipotajwa tu, Wahifadhi wenyewe wakapasuka. Nusu walikumbuka kofia nyekundu, nusu walikumbuka ya kijani. Bwana mmoja alisimama akaeleza kwa uchungu kwamba alimwacha mkewe kwa ajili ya hiyo nyekundu, na hajutii. Viti vikaanza kuinuliwa. Niwakumbushe kwamba televisheni ya taifa enzi zile ilikuwa na rangi mbili tu, nyeusi na kijivu, lakini jambo hilo halikumpunguzia mtu uhakika.

Bi Siwema akainua mkono, akapewa kipaza sauti.

"Ilikuwa ya kaki, wanangu," alisema. "Ilikatwa kwenye pazia la mkurugenzi."

Ukumbi ukazomea. Kwa mara ya kwanza siku hiyo wekundu na wa kijani waliungana.

"Mama, kwa heshima zote," alisema bwana aliyemwacha mkewe, "sisi ndio wapenzi wake. Wewe ulimwonea wapi Mzee Kidevu?"

"Nilikuwa chini ya meza."

Walicheka mpaka Mwakilishi wa Watoto akaamka. "Aketishwe bibi wa watu, apewe maji," mtu alisema, na Bi Siwema akaketi. Iliuma. Haikuwa kofia iliyomuuma, wala jina. Jina hakuwahi kulidai. Alichotaka kilikuwa kitu kimoja: kabla mkono wake haujakauka kabisa, usikie tena kile kifuu kikigonga, na masikio yake yasikie mwongo mmoja akiombwa aeleze tena. Akatazama watu mia tatu wanaompenda Kidevu na hakuona hata mmoja anayelikumbuka swali lake.

Ikabaki hoja ya sauti. Wahifadhi walisema sauti yoyote mpya ni kufuru. Wasasishaji walisema sauti itatolewa na mashine, ila mashine bado haijaagizwa. Mabishano yalipofika mahali pa kushikana mashati, Mheshimiwa Ndomba, ambaye muda wote alikuwa akichorachora daftari lake, aliinuka.

"Ndugu zangu, mbona jambo ni jepesi? Tumshone mdomo. Wahifadhi hamtasikia sauti ngeni. Wasasishaji mtasubiri mashine yenu. Na watoto wetu watajifunza utulivu."

Makofi yalipigwa na pande zote mbili. Watu walikumbatiana, wengine walilia. Bi Siwema alitoka nje akasimama juani, akiwa ameukumbatia mkono wake wa kulia kama aliyeungua.

* * *

Tatizo lililetwa na Bwana Telesfori, Afisa Utumishi wa Wizara, mtu mwembamba aliyeamini kanuni kama wengine wanavyoamini dawa. Alimwambia Waziri kwamba mtumishi aliyestaafishwa harudishwi kazini bila mkataba, mkataba hauna nguvu bila sahihi, na mtumishi hafanyiwi ushonaji wa kiungo chochote bila ridhaa yake ya maandishi.

"Telesfori, ni kitambaa!" alisema Waziri.

"Mheshimiwa, ana faili."

Basi Waziri akaagiza sahihi ipatikane. Wakatafutwa watu kumi na saba wa kuiga sahihi ya Kidevu iliyokuwa kwenye faili lake, pamoja na wawili walioazimwa gerezani kwa ujuzi wao, na wote wakashindwa. Sahihi ile ililala ubavu na kupanda juu, kama mbuzi anayekataa kuvutwa. Bwana Telesfori akafungua ukurasa wa vifaa, akasoma mstari wa mwisho, akachukua mwavuli wake na kwenda kukitafuta kifaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

"Samahani kwa kukuingilia. Nautafuta mkono wa kulia."

Bi Siwema alikuwa anachambua mchele. Akaunyanyua mkono wenyewe, na vidole vikafunguka na kufumba vyenyewe. Bwana Telesfori, ambaye alikuwa na miaka minane Kidevu alipostaafishwa, akasimama ghafla na kuvua kofia.

Alimweleza kila kitu, maana hakujua kuficha. Bi Siwema akamjibu kwamba hatii sahihi. Atashikaje kalamu kuruhusu mdomo ushonwe ambao ni yeye aliyeufundisha kusema? Bwana Telesfori akasema anaelewa, ila kwa kanuni, mtumishi asiyerudi hubaki alipo, na stoo ile sasa ina panya. Bi Siwema akaendelea na mchele kwa muda mrefu. Mwishowe mchele huo ulikuwa safi kabisa, na bado alikuwa anauchambua.

"Nitatia," akasema. "Lakini mkono utakaoingia ndani yake siku ya uzinduzi uwe huu."

Waziri alipoletewa sharti hilo alicheka kwa raha. Mdomo ukishashonwa, alisema, mkono utafanya nini? Akakubali palepale, na kuagiza kwamba sherehe irushwe mubashara nchi nzima na isikatwe kwa sababu yoyote ile, hata umeme ukikatika.

Kidevu akatolewa sandukuni. Bi Siwema akamvaa, akatia kalamu kwenye mkono wa kanzu, na ile sahihi ikatoka imelala ubavu kama jana. Halafu fundi wa sare za gwaride akamshona mdomo mishono arobaini na mmoja, kwa uzi wa rangi za taifa. Bi Siwema alihesabu kila mshono ulivyopita, na machozi yalimtoka bila aibu yoyote.

* * *

Uzinduzi ulifanyika kwenye Shule ya Msingi ya Mfano. Wanafunzi mia mbili walikuwa wameketi sakafuni, kwenye saruji. Shule iliwahi kupata madawati ishirini, mapya, yanayonukia rangi; yalishushwa asubuhi, yakapigwa picha na Waziri, na jioni yakapakiwa kupelekwa wilaya nyingine kupigwa picha huko. Nchi nzima iliyajua madawati hayo kwa sura. Lakini ili miguu ya watoto ipendeze kwenye televisheni, Kamati ilikuwa imegawa soksi mpya nyeupe, jozi mia mbili, na katika hilo hakukuwa na ujanja: soksi zilifika kweli.

Bi Siwema alikuwa chini ya meza. Kidevu alikuwa juu, mdomo umekazwa, akiwa na kofia mbili, nyekundu juu ya kijani, ili amani idumu. Wahifadhi na Wasasishaji walijaa nyuma ya ukumbi wakilia kwa furaha.

"Watoto wangu," alisema Mheshimiwa Ndomba baada ya kuizingatia itifaki, "mnaishi wakati wa neema. Natamka mbele ya taifa kwamba leo hii hakuna mtoto wa nchi hii anayekaa sakafuni!"

Watoto waliokaa sakafuni walipiga makofi, kwa sababu mwalimu aliwapa ishara. Bi Siwema alitazama mbele yake. Miguu ya Waziri ilikuwa inachezacheza, uleule mtindo wa miaka ishirini na miwili iliyopita. Mkono wake wa kulia ukajinyoosha wenyewe kusema, na kifuu kikagoma. Mishono arobaini na mmoja haikulegea hata mmoja. Hasira aliyoisikia Bi Siwema pale chini sina kipimo chake.

Kisha akaiona miguu yake mwenyewe. Kwa ajili ya baridi ya saruji alikuwa amevaa soksi za marehemu mumewe, za kijivu, zilizotoboka kisigino. Akaivua moja, akaivaa mkono wa kushoto, akaipandisha juu ya meza taratibu mpaka ikasimama bega kwa bega na Mzee Kidevu. Soksi ikamtazama Kidevu. Kidevu akatikisa kofia zote mbili, akainama, akainong'oneza. Soksi ikamgeukia Waziri.

"Shikamoo, mheshimiwa," ikasema, kwa sauti ambayo wazazi wa watoto wale wangeitambua hata usingizini. "Mzee anaumwa mdomo. Mimi ni soksi tu. Nieleze tena."

Kule nyuma fulana zote zilisimama. Bwana aliyemwacha mkewe alishika kichwa. "Ni yeye," alisema. "Ee Mungu wangu, yule bibi wa chini ya meza."

Waziri alimtazama Bwana Telesfori. Bwana Telesfori akapekua faili, akatikisa kichwa. "Mheshimiwa, ridhaa ya kushonwa inamhusu Kidevu peke yake. Soksi haina faili."

"Nilichomaanisha," alisema Waziri mbele ya kamera isiyokatwa kwa amri yake, "ni kwamba watoto wamekalia madawati ya awamu ya kwanza."

Halafu msichana mmoja wa darasa la tatu, aliyekaa mstari wa mbele, akavua soksi yake mpya, akaivaa mkononi na kuiinua. Majuma mawili mazima alikuwa amewasikia baba na mama wakigombana mezani kuhusu Mzee Kidevu, kwa hiyo alijua vizuri kikaragosi anavyosema.

"Shikamoo, mheshimiwa. Mimi ni soksi tu. Nieleze tena. Sisi tumekalia nini?"

"Mmekalia... nafasi ya madawati."

Soksi mia mbili nyeupe zikapanda juu, na ukumbi mzima ukasema kwa sauti moja: "Nieleze tena!"

Mheshimiwa Bakili Ndomba alijifuta jasho. Wanaomjua wanasema hapo ndipo alipoliona lile daraja lake mbele ya macho. Akasema madawati yapo, ishirini, wala hayajaibwa, ila leo ni zamu yao kupigwa picha wilaya ya jirani.

* * *

Serikali ilichukua hatua, kwa kuwa serikali hiyo haichelewi kuchukua hatua. Soksi zote nchini ziliamriwa kusajiliwa, kila moja na faili lake, na Bwana Telesfori akauliza kwa maandishi kama katika jozi kuna mwandamizi. Hakujibiwa. Hatimaye soksi zikapigwa marufuku kabisa shuleni, na malangoni wakawekwa wakaguzi wa vifundo vya miguu. Waziri Ndomba alipandishwa cheo, mbali.

Wapelelezi wakamtafuta mkosaji. Walilisoma faili mara tatu, na mara zote tatu walimkuta Bi Siwema ukurasa wa vifaa, baada ya kuku. Sheria ya nchi ile haina kifungu cha kukishitaki kifaa. Kifaa kikileta hitilafu kinaandikwa chakavu, basi, na kinaondolewa serikalini pamoja na vyote vilivyoambatana nacho. Bwana Telesfori aliiandika barua hiyo kwa herufi nzuri, bila kutabasamu, na akaipeleka mwenyewe akiwa amejitwika sanduku kichwani.

"Shikamoo, mama. Umekuwa chakavu rasmi."

"Marahaba, mwanangu. Nashukuru."

Mchana ule Bi Siwema alikaa karibu na dirisha akafumua mishono arobaini na mmoja. Akazivua kofia mbili, akamvalisha ile ya kaki, iliyokuwa ndani ya sanduku, chini kabisa, siku zote. Akaingiza mkono. Kifuu kikagonga: ko! Alicheka peke yake mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.

Nje wanafunzi walikuwa wanatoka shule, viatu vinawapwaya kwa kukosa soksi. Walipofika kwa mkaguzi wa vifundo, msichana wa darasa la tatu aliinua mkono wake mtupu, akakutanisha dole gumba na vidole vinne, akavifungua na kuvifumba mbele ya pua ya yule bwana.

"Shikamoo. Mimi ni mkono tu. Nieleze tena."

Jumatatu iliyofuata ilitangazwa Kamati ya Taifa ya Mikono. Mpaka sasa haijapata mwenyekiti. Kila anayeteuliwa husimama mbele ya umma na kuinua mkono wa kulia kuapa, na watoto walioning'inia kwenye uzio wa Ikulu hunyamaza wote, wakaukazia macho ule mkono, wakingoja useme.